Jogoo Chini ya Kihenge

Ellifa hakupiga hodi. Alisukuma mlango wa chumba cha walimu kwa bega, mtoto mgongoni, viatu mkononi vikidondosha tope jekundu, akasimama mbele ya meza ya mdogo wake akihema.

"Funga hayo madaftari," alisema. "Mzungu wako ameleta jogoo nyumbani."

Alinafe alikuwa amebakiza karatasi nne za baiolojia za kidato cha tatu. Kalamu nyekundu ilisimama katikati ya alama ya vema.

"Mzungu gani?"

"Kwani wapo wangapi Namilongo nzima? Huyohuyo wa fizikia. Huyo unayemwita 'mwenzangu wa maabara' huku unatazama pembeni."

"Jogoo wa nini, dada?"

"Hilo ndilo tunataka kukuuliza wewe. Mjomba anakuita. Si kesho, si baada ya chai. Sasa hivi."

Alinafe alivaa sweta, akajifunga chitenje juu ya gauni, akamfuata dada yake kwenye ukungu. Mwezi wa Julai, milima ya Dedza huvaa ukungu kuanzia asubuhi mpaka saa tano, na siku hiyo hata saa tisa alasiri ulikuwa haujavuka miti ya misonobari. Kutoka shule ya wasichana ya masista mpaka nyumbani kwao ilikuwa kilomita nne za mteremko. Alinafe alizitembea haraka, kama mtu anayekimbilia basi.

Innes Geddes alikuja Namilongo Septemba. Alikuwa amemaliza chuo kikuu kwao, kisiwa kimoja cha kaskazini ya Uskochi chenye kondoo wengi kuliko watu, akaamua kutoa mwaka mmoja kufundisha kwa kujitolea kabla ya kurudi kusomea ualimu wenyewe. Mwaka huo sasa ulikuwa umebakiza siku tano. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Ndege yake ilikuwa Alhamisi.

Kwa miezi kumi yeye na Alinafe walichangia maabara moja, kabati moja lenye ufunguo mmoja, na chupa moja ya chai. Walikuwa wamezungumza juu ya chumvi, mvua, vyura, wasichana wanaolala darasani na wasichana ambao wangekuja kuwa madaktari. Juu yao wenyewe hawakuwa wamezungumza neno. Mara moja tu, mwezi wa Machi, umeme ulikatika wakati wanapanga chupa, na mikono yao ikakutana kwenye kizibo kimoja. Hakuna aliyeondoa mkono haraka. Umeme uliporudi, Innes alikuwa akimtazama kwa namna ambayo Alinafe aliibeba moyoni tangu siku hiyo, kama mtu anayebeba yai.

"Nieleze vizuri," Alinafe alimwambia Ellifa walipofika kwenye mto. "Alikuja vipi?"

"Alikuja kwa miguu. Peke yake. Jogoo kwapani, mkubwa, mwekundu, mkia kama bendera. Ndiye yule wazazi wa wanafunzi waliyempa jana kwenye sherehe ya kumuaga. Sisi tupo uani tunapukuchua mahindi, shangazi wawili wa jirani wapo, kila mtu yupo. Anasimama katikati anasema, kwa Kichewa chake hicho chenye mashimo kama barabara ya Linthipe: 'Nimeleta jogoo huyu. Namwacha hapa.'"

"Halafu?"

"Halafu hata mtoto aliyekuwa analia akanyamaza."

Alinafe alifumba macho. Hakuna mtu wa upande ule asiyejua maana ya jogoo mzima, miguu imefungwa, akiletwa kwenye nyumba yenye binti ambaye hajaposwa. Jogoo hutoka upande wa mwanaume, na akikubaliwa, tetea hutoka upande wa mwanamke. Baada ya hapo hao si wachumba wa kujificha tena. Lakini jogoo hasafiri na mwenye haja. Huletwa na nkhoswe, mshenga ambaye kazi yake haiishii harusini. Ndiye anayeitwa hata miaka ishirini baadaye, siku nyumba ikiwaka moto.

Mjomba Biziweki, kaka wa marehemu mama yao, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na kihenge cha mahindi. Jogoo alifungwa kwa kamba ya katani kwenye mguu wa kihenge, akiwatazama wote kwa jicho moja la dharau. Juu ya msumari, kwenye mguu uleule, ilining'inia kofia ya sufu ya bluu ambayo Alinafe aliijua kama anavyojua mkono wake.

Alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kusalimia. Mjomba aliitikia, akamtazama kwa muda.

"Ulimtuma?"

"Hapana, mjomba."

"Mmekubaliana?"

"Hapana."

"Hapana ya mdomo, au hapana ya kila kitu?"

Ellifa alikohoa. Alinafe alihisi masikio yakiwaka.

"Ya kila kitu, mjomba."

"Nilimuuliza, umekuja na nani? Akasema, peke yangu. Nikamuuliza, jogoo huyu ana maneno gani? Akawa mwekundu kama nyanya ya soko la Lizulu. Akasema, 'Ni asante.' Akaondoka mbio hata kofia akaisahau."

"Basi ni asante," Alinafe alisema. "Anaondoka Alhamisi. Ulimwazima baiskeli mwaka mzima. Hajui mila zetu. Ni asante tu."

"Asante huletwa kwa sukari. Kwa sabuni. Huyu si sabuni." Mjomba alimnyooshea jogoo kidole. "Majirani wameshaona. Kesho kwenye misa hakuna atakayesikiliza mahubiri."

Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hilo ndilo lililomfanya aogopwe. Alichukua gunzi moja la mahindi, akaligeuza mkononi, akasema bila kumtazama mtu.

"Nimeshakosea mara moja. Alikuja kijana ana gari, ana haraka. Nikamuuliza watu wako wapi? Akasema wako Blantyre, wanafuata nyuma. Nikaona gari, nikaona suti, nikakubali. Huu mwaka wa nne nawasubiri hao wanaofuata nyuma. Alipomwacha dada yako, nilipanda basi mpaka Blantyre kumtafuta ndugu yake yeyote nimshike shati. Sikuwa na jina la kuuliza. Nilisimama stendi kama mtu aliyesahau jina lake mwenyewe."

Ellifa, ambaye ulimi wake haukuwahi kukosa kazi, aliinama akamrekebisha mtoto mgongoni.

"Simchukii yule kijana," mjomba aliendelea. "Ana adabu. Baiskeli yangu aliirudisha na matairi yamejaa upepo. Lakini mtu aliyekuja peke yake ataondoka peke yake, na sitakuwa na pa kuuliza. Mwambie hivi. Kesho baada ya misa aje na watu wake, au aje achukue jogoo wake. Asipokuja, nitambeba mimi mwenyewe mpaka shuleni, mchana, watu wakiona. Na nikishamrudisha, mwanangu, simpokei tena."

"Nimesikia, mjomba."

Alinyanyuka. Kilomita nne za mteremko zilikuwa sasa kilomita nne za mlima, na njia nzima alibishana na swali moja. Kama ni asante kweli, Innes angekuja kesho, achukue jogoo, acheke, aombe radhi, na Alhamisi apande ndege. Na yeye Alinafe angefungua kabati lile Septemba na kupanga chupa peke yake. Lilikuwa jambo dogo sana kulieleza kwa mtu. Hata hivyo aliongeza mwendo.

Alimkuta maabara. Alikuwa amevua koti, ameinamia meza, anaandika lebo za chupa kwa herufi kubwa zilizonyooka ili atakayefuata asibahatishe. Alipomwona mlangoni alisimama haraka hata stuli ikaanguka.

"Umetoka nyumbani," alisema.

"Nimetoka nyumbani."

"Nimewakosea?"

"Innes, nimetembea kilomita nane na tope hili kwa ajili ya swali moja. Usinijibu kwa adabu. Nijibu kweli. Jogoo alikuwa wa nini?"

Innes aliokota stuli, akaisimamisha, akahakikisha miguu yote minne imekaa sawa. Kisha akasema akitazama stuli:

"Wa asante. Mjomba wako amenitendea mema."

Alinafe alivua shingoni uzi wenye ufunguo wa kabati, akauweka mezani kati ya chupa mbili.

"Mpe Sista Beneta kabla hujaondoka. Orodha ya vitu iko ndani ya mlango. Kesho baada ya misa nenda ukamchukue jogoo wako, mjomba anakusubiri. Ana hasira kidogo, lakini zitapita."

Aligeuka. Alikuwa ameshafika mlangoni.

"Nimesema uongo," Innes alisema nyuma yake.

Alinafe alishika fremu ya mlango.

"Nilimwambia uongo mjomba wako, na sasa hivi nimekuambia wewe. Alinafe, najua maana ya jogoo. Mzee Zakaliya wa karakana alinieleza mwezi wa Aprili tukitengeneza hizi stuli. Alisema mwanaume akitaka mke hupeleka jogoo, na wakimpokea, wanampa tetea. Nilimsubiri huyo jogoo tangu Aprili! Nilitaka kununua sokoni, lakini wote walikuwa wanyonge. Jana wazazi waliponipa huyu, nikasema, huyu nimepewa kwa heshima, huyu ndiye."

"Kwa nini basi ukasema asante?"

"Kwa sababu wote walinyamaza! Nilisimama pale, shangazi mmoja akaziba mdomo, mjomba akaniuliza nimekuja na nani. Nikajua nimeharibu kitu, ila sikujua ni nini. Nikaona bora nionekane mjinga kuliko kukuaibisha."

Alinafe aligeuka taratibu. Macho yalikuwa yanamuuma, na wakati huohuo kicheko kilikuwa kinampanda kutoka tumboni.

"Mzee Zakaliya hakukuambia habari za mshenga?"

"Alinieleza jogoo. Hakunieleza watu."

"Hakukueleza kwa sababu ni kama kumwambia mtu akienda misa avae nguo! Nani angefikiri utaenda mwenyewe?"

"Kwetu," Innes alisema, "mwanaume akituma mtu mwingine akamsemee, watamcheka mpaka kaburini. Baba yangu alivuka maji kwa mashua siku ya dhoruba, peke yake, kwenda kwa babu yangu. Mpaka leo anasifiwa."

"Kwetu mwanaume akija peke yake, watu wanajiuliza wenzake amewaua wapi."

Alicheka, na Alinafe naye akacheka, na kicheko kilipoisha walikuwa wamesogeleana bila kujua nani alianza. Meza moja ya maabara ndiyo iliyobaki katikati yao.

"Sikiliza," Alinafe alisema, sauti imeshuka. "Siku moja utanikosea. Usitikise kichwa, utanikosea, na mimi nitakukosea. Siku hiyo mjomba wangu atamwita nani?"

"Ataniita mimi."

"Wewe ndiye umekosea! Utajikalia kesi mwenyewe, ujihukumu, ujitoze faini?"

Innes alifikiri. Alichukua lebo moja tupu, akaandika juu yake kwa herufi zake kubwa: WATU WANGAPI?

"Wawili wanatosha," Alinafe alisema, akijizuia kutabasamu. "Lakini kabla hujatafuta watu, nina neno. Mimi siendi kuishi kisiwani. Sista hana mwalimu mwingine wa baiolojia, na Ellifa hana mtu mwingine. Na kwa mila zetu, mwanaume ndiye anayehamia kwa mkewe. Sitaki mume ambaye kila akisikia ndege inapita anatazama juu."

Innes alivuta droo, akatoa bahasha, akaisukuma juu ya meza. Ilikuwa barua ya Sista Beneta, mkuu wa shule. Ilisema Mwalimu Geddes akimaliza mwaka wake mmoja wa kusomea ualimu, nafasi ya fizikia itakuwa inamsubiri. Tarehe yake ilikuwa ya mwezi wa Mei.

"Ulimwambia Sista kabla yangu?"

"Sista nilimwomba kazi tu. Wewe nilitaka kukuomba kikubwa zaidi. Nikaogopa."

Alinafe aliisoma barua mara mbili, ingawa ilikuwa na mistari sita. Alipoinua uso, Innes alikuwa ameshika ule ufunguo kwa uzi wake. Aliuweka kwenye kiganja cha Alinafe, akafunika vidole vya Alinafe kwa vidole vyake, na safari hii hakukuwa na umeme wa kusingizia.

"Kaa nao," alisema. "Mwaka mmoja. Nitakuja kuuazima."

Jumapili mchana jua lilitoka. Alinafe aliwekwa ndani, kama inavyotakiwa, nyuma ya pazia la mlango, na Ellifa pembeni yake akichungulia na kumsimulia kana kwamba yeye hana macho.

"Wanakuja. Mzee Zakaliya mbele, amevaa koti la kwaya. Mungu wangu, mikono ya koti inaishia viwikoni. Mzungu nyuma. Amefunga tai. Nani kamfunga ile tai, ng'ombe?"

"Dada, nyamaza."

Zakaliya, fundi seremala wa shule, alikuwa amemwonya Innes njia nzima: "Leo wewe ni mzigo. Mzigo hausemi. Ukifungua mdomo, nakuacha njiani." Kwa hiyo Innes alikaa kwenye mkeka, mikono juu ya magoti, kimya. Jogoo alimtazama kutoka kwenye mguu wa kihenge kana kwamba hajawahi kumwona.

Zakaliya alipiga makofi, akasalimia, akakohoa.

"Wenyeji, sisi tumepotelewa. Jogoo wetu alitoka jana, tukasikia sauti yake huku kwenu."

"Jogoo tunaye," mjomba Biziweki alisema. "Alikuja bila wenyewe. Tulishangaa."

"Kosa ni langu. Nilimfundisha kijana nusu ya somo. Namwomba mzee anisamehe mimi, si yeye."

"Wewe Zakaliya nakujua. Mlango huu ulioko nyuma yangu umeutengeneza wewe, na bado unafunga. Lakini huyu si damu yako. Mama yake ana kaka?"

Innes alifungua mdomo. Zakaliya alimkanyaga kidole cha mguu.

"Anaye. Anaitwa Ranald. Yuko kisiwani kwao."

"Mwezi umeumbwa karibu kuliko huko," mjomba alisema. Akajikuna kidevu. "Lakini simu zinafika?"

Simu ilifika, ingawa ilibidi Zakaliya asimame juu ya kinu cha kutwangia akiwa ameinua mkono. Sauti nzito ilitoka, ikiwa na upepo na mlio wa kondoo nyuma yake. Naye huko alikuwa ametoka nje, malishoni, kutafuta mtandao. Hapo ndipo ikaonekana shida ambayo hakuna aliyeifikiria.

"Nani atatafsiri?" mjomba aliuliza.

"Kiingereza changu kinaishia kwenye inchi na misumari," Zakaliya alisema.

"Na huyu hawezi kutafsiri kesi yake mwenyewe."

Watu walitazamana. Kisha wote, mmoja baada ya mwingine, wakatazama pazia.

"Binti hatoki," alisema shangazi mmoja.

"Hatoki," mjomba alikubali. "Simu itaingia."

Na hivyo simu ikapitishwa chini ya pazia, ikapokelewa na Alinafe kwa mikono miwili. Iliwekwa kwenye sauti ya juu. Uani kote walimsikia akipumua.

"Muulize," mjomba alisema, "wewe ndiye kaka wa mama yake?"

Alinafe aliuliza. Jibu likarudi: ndiye, tumbo moja, yeye ndiye mkubwa.

"Mwambie, kijana wako ameleta jogoo. Mwambie, kesho kutwa akimwacha binti yetu kama gunia kando ya barabara, mimi nitamwita nani?"

Alinafe alitafsiri. Alisema "binti" kama vile anamzungumzia mtu wa kijiji cha pili. Upande wa pili kondoo akalia, kisha sauti ikauliza kitu.

"Anasemaje?" mjomba aliuliza.

"Anauliza…" Alinafe aliitazama simu. "Anauliza, anayezungumza ndiye binti mwenyewe?"

"Mwambie wewe ni mkalimani."

Alimwambia. Sauti ya mbali ilicheka, ikazungumza kwa kirefu, na Alinafe akaifuata sentensi kwa sentensi.

"Anasema, umwite yeye. Anasema atapanda ndege ingawa hajawahi kupanda. Anasema atamvuta kijana kwa sikio mpaka kwenye mlango huu. Anasema ana masikio makubwa, kwa hiyo…" Hapo sauti ikamvunjika kwa kicheko. "Kwa hiyo pa kushika papo."

Uani walicheka mpaka shangazi mmoja akajipangusa macho. Innes alijishika sikio, akakumbuka kwamba yeye ni mzigo, akaliachia.

Mjomba Biziweki peke yake hakucheka. Alisubiri.

"Muulize tena. Binti yetu akiugua. Akifiwa. Utakuja kukaa naye?"

"Anasema atakuja."

"Basi."

Lakini sauti haikuwa imemaliza. Sasa ilizungumza polepole, bila mzaha, na Alinafe alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Ellifa akamgusa bega.

"Naye anauliza," alisema hatimaye. "Anasema, na mimi nikuulize, mzee. Kijana wetu akiugua huko kwenu, akilia, nani atakaa naye? Anasema mama yake haulizi kitu kingine tangu Septemba."

Hakuna aliyecheka. Mjomba alitazama mkeka, akamtazama yule kijana mrefu mwenye tai iliyopinda, kana kwamba ndiyo kwanza anaona kwamba naye alitoka kwenye nyumba ya mtu. Kwa siku mbili alikuwa amehesabu hofu zake mwenyewe tu. Haikumjia kwamba mlimani kwingine, kati ya kondoo, kuna mjomba mwenzake aliyesimama na simu akihesabu zilezile.

"Mwambie," alisema, na sauti yake ilikuwa nzito, "mwambie ni mimi. Mwambie mama yake alale."

Alinafe alimwambia. Kisha simu ikatoka chini ya pazia, na mjomba akapaza sauti kwa mara ya kwanza.

"Alinafe!"

"Mjomba."

"Jogoo huyu unamfahamu?"

Ellifa alimfinya paja. Uani walikuwa wametulia kiasi cha kusikia jogoo akipekua vumbi.

"Namfahamu, mjomba."

"Ulimfahamia wapi?"

"Maabara."

Kicheko kilipanda tena, na ndani yake mjomba akauliza swali la mwisho, taratibu, kama mtu anayemuuliza mtoto kama ameshiba.

"Tumpokee?"

"Mpokeeni," Alinafe alisema. Ilitoka sauti ndogo, lakini ilivuka pazia.

Vigelegele vilipasuka. Ellifa ndiye aliyetoka kumkamata tetea, na haikuwa kazi ndogo. Tetea mweupe alizunguka kihenge mara tatu, akapita kati ya miguu ya Zakaliya, akaishia mikononi mwa Ellifa manyoya yakiruka. Alimpakata kidogo kabla hajampeleka. Mjomba alimwona.

"Na wewe," alimwambia kwa sauti ya chini, "siku yako ikija, sitapokea chini ya watu kumi."

"Kumi watakula nini, mjomba?" Ellifa alijibu, lakini alijifuta uso kwa pembe ya chitenje kabla ya kumwekea Innes tetea mapajani. "Shemeji, sikio moja la mjomba wako, la pili langu. Kumbuka hesabu."

"Binti atoke," mjomba alisema. "Aje afungue mwenyewe."

Alinafe alitoka kwenye jua akipepesa macho. Hapo ndipo walipoonana kwa mara ya kwanza siku hiyo. Innes alikuwa amekumbatia tetea kama mtu anayekumbatia mtoto wa jirani, suruali yake ya pekee ya misa imeshachafuliwa, na macho yake yalikuwa na maji. Alinafe alipiga magoti kwenye mguu wa kihenge. Fundo la mjomba lilikuwa gumu. Alilifungua kwa kucha, uzi kwa uzi, bila haraka. Kamba ilipoanguka, jogoo alijikung'uta, akapiga hatua mbili, akawika saa isiyo yake. Halafu, badala ya kukimbia, alirudi chini ya kihenge akaanza kudonoa mahindi yaliyomwagika.

Walikunywa thobwa, togwa ya mahindi, wakala ugali wa nsima na samaki wa ziwani. Jua lilipoanza kuinama Zakaliya alisimama kuaga, tetea kwapani, kwani ndiye atakayemfuga karakanani mpaka mwaka uishe. Innes alinyoosha mkono kuchukua kofia yake kwenye msumari.

"Iache," mjomba Biziweki alisema.

Mkono ulisimama hewani.

"Iache hapohapo. Utaikuta ukirudi."

Innes alimtazama Zakaliya, akiomba ruhusa kwa macho. Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Haya. Mzigo unaweza kusema."

Innes alipiga makofi taratibu, kama alivyoona wengine wakifanya, akainamisha kichwa chake kisicho na kofia.

"Asante, mjomba," alisema.

Na safari hii hakuna aliyemuuliza amekuja na nani.